NYUMBA YA ZAMANI IPAKWE RANGI NAMNA GANI?

Kila mwaka mahindi yakiisha kuvunwa na mvua ikiisha kukatika, wakulima wengi hupata nafasi ya kufikiri habari za nyumba zao. Pengine kijana wa nyumbani anataka kuoa, au wajukuu wanakuja kukaa na nyanya yao, au mama mwenyewe amechoka kuona kuta zilizoingia moshi. Basi watu husema, "Na tupake rangi." Kopo hununuliwa dukani, brashi huazimwa kwa jirani, na kazi huanza siku hiyo hiyo.

Kazi iliyofanywa namna hiyo haidumu. Mvua ya kwanza ikinyesha, rangi mpya huanza kufura na kubanduka, na fedha ya mkulima huanguka sakafuni pamoja nayo. Lakini hasara ya fedha si kubwa kama hasara nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Katika nyumba za zamani rangi ya kale yaweza kuwa na sumu, na mtu anayeikwangua ovyo huwapa watoto wake sumu hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo, ndugu mkulima, twakuomba usome maneno haya mpaka mwisho kabla hujanunua kopo.

NYUMBA ZETU ZA ZAMANI NI ZA NAMNA GANI?

Skimu ya ekari milioni moja ilipoanza mwaka 1962, watu walipewa mashamba Nyandarua, Uasin Gishu, Sotik na mahali pengine palipokuwa mashamba ya masetla. Katika mashamba hayo zilikuwamo nyumba zilizojengwa miaka mingi kabla ya hapo. Nyingine ziligeuzwa shule au ofisi za vyama vya ushirika, na nyingine zikawa nyumba za wakulima, na watoto na wajukuu wao wanakaa humo mpaka leo. Nyumba hizo nyingi ni za mawe ya kuchonga au za mbao za mtarakwa, zenye madirisha ya mbao au ya chuma, na dari ya mbao au ya bodi.

Nyumba za namna ya pili ni zile ambazo wazee wetu walijijengea wenyewe kwa fedha ya pareto, maziwa na mahindi: kuta za mabanzi au za udongo, mabati juu, na baadaye plasta ya simenti. Nyumba hizo nazo zimekuwa za zamani. Kila moja ina desturi yake, na rangi inayofaa ukuta wa mawe yaweza kuharibu ukuta wa udongo.

JAMBO LA KWANZA: ZUIA MAJI

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii ufa wa kwanza ni maji. Rangi haizuii maji yaliyokwisha kuingia ukutani. Ukipaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu, maji yatatafuta njia ya kutoka, na njia yao ni kuisukuma rangi ianguke.

Zunguka nyumba yako wakati mvua inanyesha, uangalie mambo haya:

1. Je, mabati yana matundu, au misumari imelegea? Alama ya duara yenye rangi ya chai katika dari huonyesha mahali maji yanapoingia.

2. Je, mifereji ya mabati inayopokea maji ya paa imejaa majani au imetoboka? Maji yanayomwagika mahali pamoja kila siku hulowesha ukuta mpaka ndani.

3. Je, udongo umepanda juu ya msingi? Katika nyumba nyingi za zamani, kwa kufagia na kulima maua miaka mingi, udongo nje umepanda kuliko sakafu ya ndani. Ondoa udongo huo mpaka uwe chini ya sakafu kwa sentimeta 15 au zaidi, kisha chimba mtaro mdogo unaoteremka ili maji yaende mbali na nyumba.

4. Je, kuni au magunia yamepangwa kuegemea ukuta? Yaondoe, ukuta upate hewa.

Ukiisha kutengeneza mambo hayo, uache ukuta ukauke. Ukuta mnene wa mawe uliolowa miaka mingi haukauki kwa juma moja. Fungua madirisha kila siku, na ungoje hata miezi miwili ya jua ikiwa ni lazima. Ukuta ulio tayari hauna alama nyeusi ya maji chini, wala hautoi ule unga mweupe wa chumvi. Unga huo ukitokea, ufagie kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji, kwa kuwa maji huirudisha chumvi ndani.

Jihadhari pia na jambo moja ambalo mafundi wengi hulifanya. Wakiona plasta ya zamani ya udongo au ya chokaa imevunjika, huijaza kwa simenti ngumu. Simenti haiachii unyevu kama udongo na chokaa zinavyouachia. Kwa hiyo maji hufungwa nyuma yake, na baada ya muda kipande kizima huanguka pamoja na ukuta wa pembeni. Ukuta wa udongo uzibwe kwa udongo, na plasta ya chokaa izibwe kwa chokaa na mchanga.

JAMBO LA PILI: IJUE RANGI ILIYOPO

Rangi mpya hushika kwa nguvu ya rangi iliyo chini yake. Ikiwa ya chini ni dhaifu, ya juu haina msaada. Fanya majaribio mawili mahali padogo nyuma ya mlango.

Lowesha kidole, usugue ukuta. Ukiona kidole kimekuwa cheupe kama chaki, hapo pana chokaa au rangi ya unga ya kizamani. Usipake rangi ya maji ya kopo juu yake kabla hujaiondoa, maana itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Ikiwa kidole kimebaki safi, chukua kitambaa chenye spiriti ya kuchomea, usugue kidogo. Rangi ikilainika na kutia alama katika kitambaa, hiyo ni rangi ya maji ya siku hizi. Isipolainika, na ikiwa ni ngumu au inang'aa, huenda ni rangi ya mafuta.

Rangi ya mafuta ya zamani hasa ndiyo iletayo hatari tuliyoitaja.

RISASI KATIKA RANGI YA KALE

Zamani wenye viwanda vya rangi walitia madini ya risasi katika rangi ya mafuta ili ikauke upesi, ifunike vizuri, na isiharibiwe na mvua. Rangi nyeupe ya milango na madirisha, na ile nyekundu iliyopakwa chini katika chuma na mabati, mara nyingi zilikuwa na risasi nyingi sana.

Hatari hiyo haikugunduliwa jana. Mwaka 1904 daktari mmoja wa Brisbane, Australia, J. Lockhart Gibson, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiugua huko walipata sumu kutoka rangi ya baraza na ya vizuizi vya baraza za nyumba zao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano ya kukataza rangi nyeupe ya risasi katika kazi ya ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache. Hata hivyo, nchi nyingi ziliendelea kuitumia kwa miaka mingi. Marekani iliikataza katika rangi za nyumba mwaka 1978 tu. Hapa Kenya, hata katika miaka ya 2010, uchunguzi ulikuta risasi katika rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani. Siku hizi kipimo cha juu kilichowekwa ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni 1 za rangi iliyokauka.

Risasi hudhuru namna gani? Rangi ikichakaa hutoa vumbi na maganda. Vumbi huanguka sakafuni na katika kizingiti cha dirisha. Mtoto anayetambaa huligusa, kisha hutia mkono kinywani. Maganda yenyewe yana utamu kidogo, ndiyo maana watoto wengine huyatafuna. Risasi ikiingia mwilini huenda katika damu, ubongo na mifupa. Mtoto aweza kupungukiwa damu, kuumwa tumbo, kukosa choo, au kuwa mzito wa kujifunza shuleni, na wazazi wasijue sababu. Madhara ya ubongo hayaponi kabisa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mama mwenye mimba akiivuta, mtoto aliye tumboni huipata pia.

Wakenya wameona madhara ya risasi kwa macho yao. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na makao yao. Risasi hiyo haikutoka katika rangi, lakini sumu ni ile ile.

Na wewe mfugaji, sikiliza neno hili: ng'ombe naye hudhurika. Ndama hupenda kulamba mbao zilizopakwa rangi. Akipata risasi ya kutosha huwa kipofu, husaga meno, husukuma kichwa ukutani, na mara nyingi hufa. Kwa hiyo milango na mbao kuukuu za nyumba zisipelekwe kujenga banda la ndama. Wala zisitumiwe kuwa kuni, kwa sababu moshi wake una sumu, na majivu yake yakitupwa katika bustani ya sukuma wiki hubaki na risasi katika udongo.

Huwezi kujua kwa macho kama rangi ina risasi. Maabara peke yake ndiyo iwezayo kupima kwa hakika. Kwa hiyo shika kanuni hii: rangi ya mafuta ya zamani ambayo huijui asili yake ihesabiwe kuwa ina risasi.

NAMNA YA KUFANYA KAZI BILA KUDHURU WATU

Ikiwa rangi ya zamani imeshika vizuri, haina nyufa wala maganda, usiikwangue. Ioshe, iguse kidogo kwa msasa wa maji ikiwa imelowa, kisha ipake rangi mpya juu yake. Rangi iliyofunikwa vizuri haitoi vumbi. Mahali panaposuguana, kama kingo za madirisha na fremu za milango, pachunguzwe mara kwa mara, kwa kuwa hapo rangi husagika kila mlango unapofungwa.

Ikiwa inabanduka, hapana budi kuondoa sehemu zilizolegea. Fanya hivi:

Watoto na wanawake wenye mimba wasikae katika nyumba siku za kazi hiyo. Kama haiwezekani wote kuondoka, fanya chumba kimoja kimoja, na mlango wa chumba hicho ufungwe kwa shuka lililoloweshwa.

Ondoa vyombo vyote, magodoro na nguo. Tandika turubai au karatasi nene ya nailoni sakafuni mpaka ukutani.

Lowesha rangi kwa maji kabla ya kuikwangua, na uendelee kuilowesha. Usitumie msasa mkavu, wala mashine ya kusugua, wala moto wa kuchomea rangi. Msasa mkavu hutoa vumbi, na moto hutoa mvuke wa sumu.

Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile inayokaza usoni. Leso iliyofungwa puani haitoshi. Usile, usinywe, wala usivute sigara chumbani. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya chakula.

Jioni usifagie kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa cha maji na sabuni, kisha futa mara ya pili kwa maji safi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za watoto.

Maganda yatiwe katika kopo tupu la rangi lenye kifuniko. Yasitupwe shambani, mtoni, karibu na kisima, wala mahali kuku wanapochakura. Muulize ofisa wa mazingira wa kaunti yapelekwe wapi.

Kama mtoto wako amekaa muda mrefu katika chumba chenye rangi iliyobanduka, usingoje augue. Mpeleke hospitali, umweleze daktari habari za nyumba, naye atakuambia mahali damu yake inapoweza kupimwa.

HABARI ZA DARI NA PAA

Nyumba nyingine za zamani zina dari au paa la bodi ngumu za kijivu zilizotengenezwa kwa simenti na asbesto. Nyuzi za asbesto zikivutwa pumzini huleta ugonjwa wa mapafu na kansa baada ya miaka mingi. Bodi ikiwa nzima, iache ilivyo. Usiipige msasa, usiitoboe, usiisugue kwa brashi ya chuma. Yaweza kupakwa rangi ya maji kwa brashi laini bila kusuguliwa. Ikiwa imevunjika na inataka kuondolewa, hiyo ni kazi ya watu walioruhusiwa na NEMA, si ya fundi wa kijijini.

KUSAFISHA KUTA

Moshi wa kuni na wa taa ya mafuta ya taa huacha ukutani mafuta ambayo rangi haiyapendi. Kwa ukuta wenye rangi ya mafuta au rangi ya maji, dawa yake ni rahisi: magadi. Yayeyushe katika maji ya moto, vijiko vikubwa 4 katika lita 5. Vaa mipira ya mikono, osha ukuta kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi, kisha suuza kwa maji safi mara mbili.

Mahali penye ukungu mweusi, changanya kikombe 1 cha dawa ya maji ya kutakatisha nguo nyeupe na lita 4 za maji. Paka, ngoja dakika 15, suuza, uache pakauke. Madirisha yawe wazi, wala usiichanganye dawa hiyo na dawa nyingine yoyote, kwa maana yaweza kutoa hewa ya sumu.

Doa la moshi lisilotoka lipakwe rangi ya kwanza ya mafuta hapo tu, likauke. Usipofanya hivyo, rangi yake ya hudhurungi itapenya hata ukipaka rangi ya maji mara tano.

Nyufa zizibwe sasa. Plasta mpya ya simenti iachwe majuma manne kabla ya kupakwa rangi ya mafuta, maana simenti mbichi huigeuza rangi hiyo kuwa kama sabuni.

CHOKAA: RANGI YA BEI NAFUU

Kwa kuta za udongo, mawe au plasta isiyopakwa rangi ya kopo, chokaa ni rangi nzuri sana. Huacha ukuta utoe unyevu, hutia nuru chumbani, na bei yake ni ndogo. Haishiki juu ya rangi ya mafuta wala juu ya rangi ya maji ya kopo.

Angalia usikosee magunia. Chokaa ya shamba, ambayo wakulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia hutia katika udongo wenye asidi, mara nyingi ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu. Haishiki ukutani, bali hufagiliwa kama unga. Chokaa ya kupaka ni ile ya wajenzi, iliyochomwa kisha ikazimwa kwa maji. Uliza dukani chokaa ya kujengea.

Fanya hivi: tia kilo 10 za chokaa ya wajenzi katika lita 10 za maji, ukoroge, uache usiku mmoja. Asubuhi yeyusha kilo 1 ya chumvi katika maji kidogo ya moto, uitie. Kisha ongeza maji, ukikoroga, mpaka iwe nyepesi kama maziwa mabichi, na uichuje kwa kitambaa. Lowesha ukuta kidogo, upake kwa brashi pana. Ikiwa mbichi huonekana kama maji tu, na wengi huogopa na kuifanya nzito. Usiwaige. Chokaa nzito hupasuka. Paka nyepesi mara tatu au nne, siku moja kila mara, nayo itakuwa nyeupe zaidi kila inapokauka, kwa kuwa inashika hewa na kurudi kuwa kama jiwe.

Ukitaka rangi nyingine, tia unga mwekundu au wa manjano wa oksaidi, ule unaotiwa katika sakafu za simenti. Usizidishe kilo 1 kwa kilo 10 za chokaa, na ujaribu kwanza juu ya jiwe, maana ikikauka hufifia.

Chokaa huchoma. Vaa mipira ya mikono na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi dakika 20, kisha nenda hospitali. Ukipata chokaa ambayo haijazimwa, mtu asiye fundi asiiguse. Ikiguswa na maji huchemka kwa nguvu.

RANGI YA MAJI NA RANGI YA MAFUTA

Rangi ya maji ya kopo yafaa kuta za plasta ya simenti na dari. Haina harufu kali, hukauka kwa saa chache, na brashi huoshwa kwa maji. Ukuta unaonyonya sana upakwe kwanza rangi iliyoongezwa maji kidogo, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe.

Rangi ya mafuta yafaa milango, madirisha na kuta za jikoni, kwa sababu huoshwa bila kuharibika. Mbao mbichi zipakwe praima, kisha undakoti, kisha rangi ya kung'aa. Chuma cha dirisha kiondolewe kutu na kipakwe praima ya chuma. Mbao za mtarakwa ambazo hazijawahi kupakwa rangi ni afadhali ziachwe zilivyo au zipakwe vanishi. Ubao huo wenyewe hauliwi upesi na mchwa, na ni mzuri kwa macho.

Ununuapo, soma kopo. Chagua lenye alama ya KEBS na maneno ya kueleza kwamba rangi haina risasi. Kopo lisilo na jina la kiwanda, hata likiwa rahisi, liache dukani.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Wakulima hupima shamba kabla ya kununua mbegu. Pima chumba vivyo hivyo. Tuseme chumba chako kina urefu wa meta 4, upana wa meta 3, na kuta zina kimo cha meta 2.7. Kuzunguka kuta nne ni meta 14. Mara 2.7 ni karibu meta 38 za eneo. Ondoa meta 4 za mlango na dirisha, zabaki 34. Lita 1 ya rangi ya maji hupaka karibu meta 10 za eneo kwa mkono mmoja. Basi mkono mmoja wataka lita 3 na nusu, na mikono miwili lita 7. Makopo mawili ya lita 4 yatatosha, na kitakachobaki kitafaa kwa kutengeneza mahali patakapokwaruzwa. Ukuta wenye mashimo mashimo hula rangi zaidi.

Kwa chumba chenye dirisha dogo chagua rangi nyeupe au ya krimu. Rangi nzito hula mwanga, nawe utawasha taa mapema. Chini ya ukuta wa ukumbi, mahali viti na viatu vinapogusa, wengi hupaka mshipi wa rangi ya mafuta wa kimo cha meta 1. Desturi hiyo ni nzuri, ili mradi ukuta hauna unyevu.

MPANGO WA KAZI

Katika sehemu nyingi za nyanda za juu, miezi ya Januari na Februari ndiyo mikavu, nayo ndiyo ya kupaka rangi. Lakini kazi ya kuzuia maji ianze mapema, wakati mvua bado inanyesha, maana hapo ndipo utakapoona mahali panapovuja. Paka dari kwanza, kisha kuta, kisha milango na madirisha, na sakafu mwisho. Anza na chumba wanacholala watoto, hata kama wageni hawakioni. Ukumbi waweza kungoja mwaka mwingine.

Mkipatana na fundi, mwonyeshe mambo haya kabla ya kuafikiana bei: hakuna msasa mkavu katika rangi ya zamani, maganda yatiwe katika kopo, na ukuta ukauke kwanza. Fundi akisema kwamba hayo ni kupoteza wakati, mtafute mwingine. Yeye atamaliza kazi aende zake, na watoto wako ndio watakaobaki katika nyumba.

Rangi iliyopakwa kwa utaratibu huu yaweza kukaa miaka mingi. Kila mwaka kabla ya mvua za masika, safisha mifereji ya paa, angalia misumari ya mabati, na uguse mahali palipobanduka kabla hapajawa pakubwa. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe na mbao ambazo leo ni ghali kuzipata. Zikitunzwa, zitawafaa na wajukuu wako.